Kardinali Malula: Altare Moja, Bwana Mmoja



Parokia inapofanya jubilei huhesabu mambo mengi: watu waliobatizwa, ndoa zilizobarikiwa, makanisa ya vijijini yaliyojengwa, watawa na Mapadri waliotoka humo. Hesabu hizo zimo katika kurasa zingine za kitabu hiki. Sisi tumepewa kazi nyingine: kueleza maisha ya mtu mmoja aliyekufa zamani, ambaye matunda ya kazi yake twayaona kila Dominika bila kutaja jina lake. Ngoma inapolia katika maandamano ya kuingia, tunapowaita watakatifu pamoja na wazee wetu wenye moyo mnyofu, tunapoketi kusikiliza Injili, tunapoinua mikono pamoja na padri, twatembea katika njia iliyofunguliwa kwa sehemu kubwa na Joseph-Albert Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, Kardinali wa kwanza wa inchi yetu.

Jimbo lake lilikuwa mbali na upande wetu, na wakristu wake walisali hasa kwa Kilingala. Lakini jambo alilolipigania latuhusu sisi sote. Wengi hudhani alipigania ngoma na nyimbo tu. Yeye aliona mbali zaidi. Alifahamu kwamba ibada ndiyo shule ambamo taifa la Mungu hujifunza, kwa magoti na kwa mikono hata kabla ya kujifunza kwa masikio, nani aliye Bwana wao. Kwa sababu hiyo wenye ukubwa wa kila namna hutamani kuishika ibada mkononi mwao. Maisha ya Malula yatuonyesha namna tatu za ukubwa zilizoikaribia altare, na jinsi alivyojibu kila mara.

1. Mtoto wa mwaka 1917

Joseph-Albert Malula alizaliwa Léopoldville, mji uitwao sasa Kinshasa, tarehe 17 mwezi wa 12 mwaka 1917. Mwaka huo una maana kubwa kwa Eklezya yetu. Tarehe 21 mwezi wa 7, kule Baudouinville, yaani Moba ya leo, kando ya ziwa Tanganyika, Stefano Kaoze alipewa upadri, naye akawa padri wa kwanza mkongomani. Siku hiyo ya tarehe 21 mwezi wa 7 ilikuwa vilevile siku kuu ya taifa la Ubelgiji. Hivi, mwana wa kwanza wa inchi kupanda altareni alipanda siku ambayo bendera ya wageni ilipewa heshima. Katika siku moja ile mtu angeweza kuona mambo mawili ambayo Malula angeyatenganisha baadaye kwa uchungu mwingi.

Kijana Malula alisoma katika seminari ndogo, kisha akatumwa kwa masomo ya falsafa na teolojia katika seminari kubwa ya Kabwe, katika Kasai. Sisi tuliopita seminari ndogo twajua kidogo maisha ya namna hiyo: kengele ya alfajiri, Kilatini, kimya, na hamu ya nyumbani. Alipewa upadri Léopoldville tarehe 9 mwezi wa 6 mwaka 1946, akafanya kazi katika parokia za mji, na baadaye akapewa kuongoza parokia ya Saint-Pierre.

Mji ule ulikuwa unakua upesi. Watu walitoka vijijini kutafuta kazi kwa makompani na kwa Leta. Mchana waliishi chini ya amri ya Mzungu, na usiku waliimba na kucheza katika mitaa yao. Padri Malula alikaa kati yao, akajua furaha yao na haya yao. Vijana waliosoma walimzunguka, kati yao Joseph Iléo na Joseph Ngalula. Kutoka katika kundi hilo kulitokea, mwaka 1956, Manifesto ya gazeti Conscience africaine, maandiko ya kwanza yaliyodai waziwazi kwamba wakongomani wapewe njia ya kujitawala. Padri huyu hakuwa mwana-siasa wala hakutafuta kiti. Lakini alikuwa amekwisha kuona kwamba mtu asiye na sauti katika inchi yake hawezi kuwa na sauti kamili katika kanisa lake.

2. Altare na Leta ya wageni

Hatutaki kuwasema vibaya Wamisionari waliotuzaa katika imani. Wengi wao wamezikwa katika udongo wetu, na wengine walikufa kwa homa kabla ya kumaliza miaka miwili. Lakini ukweli wa historia wadai tuseme pia jambo lingine. Mwaka 1906 Leta ya mfalme Léopold ilifanya mapatano na Roma: misioni zilipewa mashamba, nazo zikakubali kufungua masomo chini ya macho ya Leta. Tangu siku ile misioni na Leta zilitembea pamoja machoni pa watu. Te Deum iliimbwa katika siku kuu za Leta, na viti vya mbele viliwekwa kwa wakubwa wake. Mtu wa kijiji aliyeona hayo hakuhitaji mafundisho marefu ili kufikiri kwamba Mungu wa altare na mkubwa wa territoire walikuwa ndugu wa tumbo moja.

Mambo ya ibada yenyewe yaliongeza fikira hiyo. Misa ilisomwa kwa Kilatini, na padri alitazama altare huku mgongo ukiwaelekea watu. Katika mahali pengi ngoma ilikatazwa kuingia kanisani kwa sababu ilihesabiwa kuwa kitu cha kipagani. Mkristu aliingia kanisani kama mtu aingiaye katika nyumba ya mwingine: anavua kofia, anakaa pembeni, anangoja aambiwe la kufanya. Walikuwako hata hivyo Wamisionari walioona kasoro hiyo. Katika Katanga yetu, kule Kamina, Padri Guido Haazen aliwakusanya watoto na walimu, na mwaka 1958 waliimba Misa Luba, ambayo sauti yake imezunguka dunia nzima.

Wasomi nao walianza kuuliza. Tarehe 29 mwezi wa 1 mwaka 1960, katika Lovanium, chuo kikuu cha Léopoldville, mwanafunzi Tharcisse Tshibangu alishindana kwa hoja na mwalimu wake, Padri Alfred Vanneste. Swali lilikuwa hili: je, yaweza kuwako teolojia yenye rangi ya Afrika, au teolojia ni moja tu kwa watu wote? Swali lile halikuwa mchezo wa vitabu. Ndani yake mlikuwa swali lingine: nani ana ruhusa ya kusema juu ya Mungu, na kwa maneno ya nani? Mwanafunzi yule akawa baadaye Askofu msaidizi wa Malula mwenyewe, kisha Askofu wa Mbujimayi.

Malula alitoa jibu lake mapema. Alipowekwa wakfu kuwa Askofu msaidizi, mwezi wa 9 mwaka 1959, alitangaza mbele ya watu kwamba alitamani kuona Eklezya ya kikongomani katika Leta ya kikongomani. Uhuru wa inchi ulikuwa bado miezi tisa. Wengi walishangilia sehemu ya pili ya neno lile, juu ya Leta. Yeye alishika sana sehemu ya kwanza.

3. Konsilio na ruhusa mpya

Papa Yohana XXIII alipoita Konsilio ya pili ya Vatikano, Malula alikuwa kati ya Maaskofu waliochaguliwa katika komisyo ya liturujia. Kwa kazi hiyo alikaa karibu na mahali palipotengenezwa Katiba juu ya Liturujia, iliyotangazwa tarehe 4 mwezi wa 12 mwaka 1963. Katiba hiyo ilifungua mlango kwa lugha za watu, na katika namba 37 hata 40 ilisema kwamba Eklezya haitaki kulazimisha umbo moja tu katika mambo yasiyogusa imani, na kwamba desturi njema za mataifa zaweza kuingizwa katika ibada.

Mwaka uliofuata, 1964, akawa Askofu Mkuu wa Léopoldville. Ulikuwa mwaka wa damu. Waasi waliteka sehemu kubwa ya mashariki, Wamisionari na wakristu wengi waliuawa, na kule Isiro Sista Anuarite alitoa uhai wake. Katika hali ile Askofu angeweza kusema kwamba mambo ya ibada yangoje. Malula hakungoja. Mwaka 1966 aliunda shirika la Masista wa Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yezu, masista wa inchi kwa ajili ya inchi. Mwaka 1969 Papa Paulo VI alimfanya Kardinali. Mwaka uleule Maaskofu wetu walianza kutengeneza utaratibu wa Misa uliofuata desturi za watu wetu za kukusanyika, za kuongea na za kusikilizana.

4. Kiti cha Raisi

Hapa twafika penye jaribu kubwa la maisha yake. Generali Mobutu aliposhika utawala mwezi wa 11 mwaka 1965, Malula alimpokea vizuri, akikiri kwamba kila mamlaka halali hutoka kwa Mungu. Inchi ilikuwa imechoka na vita, na Maaskofu wengi walifurahia amani. Twalitaja hilo ili ijulikane kwamba ugomvi uliofuata haukutoka katika chuki ya zamani.

Mwezi wa 6 mwaka 1970 uhuru ulitimiza miaka 10. Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alikuja, Raisi alikuwa mwenyeji, na ibada kuu ilifanywa Kinshasa. Katika siku za namna ile padri hutazamiwa kumshukuru Mungu na kuwasifu wakubwa. Kardinali aliitumia mahubiri yake kwa kazi nyingine. Mbele ya mfalme na Raisi alisema juu ya tamaa ya fahari na majivuno iliyowashika watawala, huku watu wadogo wakibaki katika taabu zao. Te Deum, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imewapamba wenye mamlaka, siku ile iliwahukumu. Wakubwa hawakusahau.

Mwezi wa 10 mwaka 1971 inchi ilipewa jina la Zaire, na siasa ya kurudia uasili ikatangazwa. Watu waliamriwa kuacha majina ya watakatifu na kushika majina ya mababu. Padri aliyembatiza mtoto kwa jina la kigeni alitishwa kwa kifungo. Kwa nje, jambo hilo lingeweza kumfurahisha Malula. Kwani ni nani aliyepigania mambo ya kiafrika katika Eklezya mbele yake? Wengine walimwuliza kwa nini akatae leo kitu alichokiomba jana.

Jibu lake linastahili kufikiriwa na kila mkristu. Yeye alitaka desturi za mababu ziingie kanisani ili zimtumikie Kristu. Raisi alitaka desturi hizo zirudi ili zimtumikie Raisi. Ngoma ni ileile, jina la babu ni lilelile, lakini yafaa kuuliza ngoma inapigwa kwa heshima ya nani. Tena Malula hakuamini kwamba mwafrika wa leo aweza kurudi katika kijiji cha zamani kama kwamba hakuna kitu kilichopita. Kwake desturi ni mbegu, na mbegu hupandwa ili iote.

Mwezi wa 1 mwaka 1972 gazeti la kikatolika Afrique chrétienne lilitoa makala yaliyotilia shaka siasa ile. Gazeti lilifungwa, na hasira yote ikamwangukia Kardinali. Alinyang'anywa nishani ya taifa. Alifukuzwa katika nyumba yake, nayo ikapewa vijana wa chama. Mwezi wa 2 alikwenda Roma, akakaa huko kama mkimbizi hata mwezi wa 6, Raisi alipokubali arudi. Wakati uleule Leta ilitaka vikundi vya vijana wa chama viundwe ndani ya seminari. Maaskofu walisita, kwani walijua kwamba anayefundishwa kumwimbia mtu asubuhi hataweza kumwimbia Mungu jioni kwa moyo ulio mzima.

Miaka iliyofuata ilizidi ukali. Magazeti ya dini na vyama vya vijana wakatoliki vilikatazwa. Mwaka 1974 Noeli iliondolewa katika siku kuu za Leta, na masomo ya kikristu yakachukuliwa. Misalaba iliamriwa kutolewa katika masomo na katika hospitali, na picha ya Raisi ikabaki ukutani. Kila jioni televisheni ilionyesha uso wake ukishuka kutoka katika mawingu. Alikuwako waziri aliyediriki kumtangaza kuwa nabii aliyetumwa na Mungu kwa watu wa Zaire. Watoto na wafanyakazi walicheza na kuimba kila asubuhi sifa za Mwongozi. Wapendwa, tusidanganyike: hiyo ilikuwa liturujia kamili. Ilikuwa na maandamano yake, na nyimbo zake, na mavazi yake, na picha zake takatifu, na siku kuu zake. Kitu kimoja tu kilikosekana humo: hakuna aliyeweza kusema kwamba ametenda dhambi, wala hakuna aliyeweza kusamehewa.

Maaskofu walisimama pamoja. Mwezi wa 1 mwaka 1975 walitoa tangazo juu ya hali ile. Mwaka 1976, katika jimbo kuu la Lubumbashi, Askofu Mkuu Kabanga aliandika barua ya kichungaji juu ya heshima ya mtu na juu ya rushwa, ambayo wazee wetu wangali wanaikumbuka. Masomo yalikuwa yamechukuliwa bila watu wa kuyaendesha, na Leta haikufaulu. Mwezi wa 2 mwaka 1977 Leta na Eklezya zilifanya mapatano, na masomo yakarudishwa mikononi mwa mapadri na watawa.

5. Misa yenye sura yetu

Twafikiri kwamba tangu jaribu lile Misa mpya ilipata maana iliyo wazi zaidi. Maaskofu walikuwa wameweka utaratibu wake mezani mwaka 1973, na majaribio yakaanza katika parokia. Tuutazame kwa macho ya mtu anayeuliza juu ya mamlaka.

Kabla ya maandamano, mtangazaji ambaye ni mlei huwatayarisha watu na kuwafahamisha siku ilivyo. Padri anapofika huiheshimu altare katika pande zake nne, ameinua mikono. Kisha huitwa watakatifu na wazee waliotutangulia, wale waliomtumikia Mungu kwa moyo mnyofu. Kwa kuwaita, twakiri kwamba Mungu hakuanza kuitembelea inchi yetu siku meli ya kwanza ilipofika. Msomaji huomba baraka kwa padri kabla ya kusoma, kwani hakuna mtu mwenye neno lake mwenyewe pale. Watu huketi kusikiliza Injili, kama wana wasikilizavyo wazazi. Na maungamo hayako mwanzoni: hufuata mahubiri na Nasadiki, kwa sababu mtu hujua kosa lake baada ya kusikia neno. Halafu hunyunyizwa maji, watu hupeana amani, na ndipo matoleo huletwa, kama vile Bwana alivyoagiza mtu apatane kwanza na ndugu yake.

Katika mambo hayo swali moja gumu latokea, nasi hatulifichi. Maaskofu walichukua mfano wa kusanyiko la kiafrika chini ya mkubwa wake. Je, katika inchi ambamo Raisi mwenyewe alivaa kofia ya chui na kushika fimbo ya mkubwa wa kabila, haikuwa hatari kumfananisha padri na mkubwa? Jibu limo katika utaratibu wenyewe. Mkubwa wa kusanyiko hili naye hukiri dhambi zake mbele ya watu wake, hunyunyizwa maji pamoja nao, na hupokea amani kutoka kwao. Mkubwa ambaye hawezi kuomba msamaha hana mahali katika Misa hii. Padri anayelisahau hilo ameshika fimbo tu.

Wako pia wanateolojia waliotaka kwenda mbali zaidi. Padri Jean-Marc Ela wa Kameruni, aliyeishi kati ya wakulima maskini wa kaskazini ya inchi yake, aliuliza kama mkristu anayelima mtama aweza kubaki daima akingoja ngano na divai kutoka inchi nyingine ili amtolee Mungu sadaka. Aliogopa pia kwamba ngoma bila haki zaweza kuwafurahisha watu huku njaa ikibaki. Eklezya imeshika mkate wa ngano na divai ya zabibu, nasi twatii. Lakini onyo juu ya haki ni kweli, na Malula asingelikataa, yeye aliyesema juu ya taabu za maskini mbele ya mfalme.

6. Ukubwa wa padri na kazi ya walei

Namna ya tatu ya ukubwa ilikuwa karibu zaidi, tena ngumu zaidi kuigusa: ule wa padri mwenyewe. Tangu mwaka 1961 Maaskofu wa Kongo walikuwa wamechagua kujenga Eklezya juu ya mashirika hai, yaani makundi madogo ya wakristu wanaojuana, wanaosali pamoja na kusaidiana. Malula aliuchukua mpango huo kwa nguvu. Kisha akafanya tendo lililoshangaza wengi. Mwaka 1975 aliwaweka katika kazi bakambi wa kwanza. Mokambi ni mlei, mume wa ndoa na baba wa jamaa, mwenye kazi yake ya kila siku, ambaye Askofu amemkabidhi kuongoza parokia. Padri humsaidia kwa sakramenti na kwa mafundisho.

Watu wengine walisema kwamba alifanya hivyo kwa upungufu wa Mapadri tu. Upungufu ulikuwapo. Lakini mtu aliyetengeneza Misa ambamo mtangazaji, msomaji, waimbaji na watu wote wana neno lao hakuweza kujenga parokia ambamo mtu mmoja tu ana neno. Sisi makatekista, ambao tangu mwanzo tumebeba imani kijiji kwa kijiji bila kuitwa wakubwa, twaona katika tendo hilo heshima iliyotolewa kwa wazee wetu wa kazi. Twaona vilevile onyo. Mlei naye aweza kukipenda kiti. Rais wa shirika au mwalimu wa kwaya aweza kuushika ukubwa wake mdogo kwa mikono miwili kuliko Raisi wa inchi.

7. Roma na jina la Misa

Ilibaki kazi ya Roma. Majaribio, masahihisho na barua vilichukua miaka mingi. Malula alisafiri, akangoja, akaeleza tena. Padri Laurent Mpongo na wasomi wengine wa liturujia walitoa nguvu zao. Mwaka 1983, Maaskofu wa Zaire walipokwenda kumwona Papa Yohana Paulo II, Malula alitoa ombi la Konsilio ya Afrika nzima. Tarehe 15 mwezi wa 8 mwaka 1985 Papa huyohuyo alimtangaza Anuarite kuwa mwenye heri, hukohuko Kinshasa. Na tarehe 30 mwezi wa 4 mwaka 1988 Roma iliikubali Misa yetu.

Iliikubali kwa jina hili: Misale ya Roma kwa ajili ya majimbo ya Zaire. Mwenye kusoma upesi atapita bila kuona kitu. Lakini jina nalo ni jambo la mamlaka. Watu wetu hupenda kusema riti ya Zaire, kana kwamba ni mti uliosimama peke yake. Roma ilisema kwamba ni tawi la mti wake. Wako waliohuzunika kwa jina hilo. Malula alikuwa ametaka Eklezya yenye sura ya kiafrika, na hakutaka kamwe Eklezya iliyojitenga na Petro. Alijua kwa uzoefu wake wa mwaka 1972 kwamba Eklezya ya inchi moja, isiyofungamana na ndugu zake wa nje, huangukia upesi mikononi mwa mtawala wa inchi hiyo. Mlango wa kukimbilia aliokuwa nao mwaka ule ulikuwa Roma. Hivi, kifungo ambacho wengine walikihesabu kuwa kamba, kwake kilikuwa pia kinga.

8. Kifo chake na yaliyofuata

Hakukaa sana kuona matunda. Alikufa kule Leuven, katika Ubelgiji, tarehe 14 mwezi wa 6 mwaka 1989, mwenye miaka 71. Alizikwa Kinshasa katika kanisa kuu la Notre-Dame. Maandiko yake yamekusanywa na Padri Léon de Saint Moulin katika vitabu 7, vilivyotolewa mwaka 1997.

Tarehe 16 mwezi wa 2 mwaka 1992, siku ya Dominika, wakristu wa Kinshasa walitoka makanisani wakishika Biblia, rozari na misalaba, wakiimba, ili kudai kwamba Mkutano Mkuu wa Taifa uliofungwa ufunguliwe tena. Walioandaa safari ile walikuwa walei. Askari waliwapiga risasi, na wengi walikufa. Malula hakuwako tena, wala hatusemi kwamba yeye aliwatuma. Lakini watu wale walikuwa wamefundishwa kwa miaka karibu ishirini, Dominika kwa Dominika, kwamba wana sauti na kwamba Bwana wao ni mmoja. Mkutano ulifunguliwa tena mwezi wa 4 mwaka uleule. Mwaka 1994 Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika, tunda la ombi lile la zamani, ilikutanika Roma. Na mwezi wa 12 mwaka 2019 Papa Fransisko aliongoza Misa ya namna yetu katika kanisa la Mtakatifu Petro, ngoma zikilia karibu na kaburi la Mtume.

Ndugu zetu, sasa tumerithi ibada hii. Ni rahisi kuilinda dhidi ya wageni ambao hawako tena. Ni vigumu zaidi kuilinda dhidi yetu wenyewe. Kiti cha mbele kinapowekwa kwa mwenye mali na mama mjane anasukumwa nyuma. Matoleo makubwa yanaposhangiliwa kwa vigelegele na yai la maskini linapokelewa kimya. Mtu wa siasa anapopewa nafasi ya kusema karibu na altare kwa sababu ameleta mabati, basi twaijenga tena, sisi wenyewe na kwa ngoma zetu wenyewe, ile nyumba ambayo Malula aliibomoa. Jubilei katika Maandiko Matakatifu ni mwaka ambao shamba hurudishwa kwa mwenyewe. Altare nayo ina mwenyewe.

Mungu ampe Kardinali Malula pumziko la milele kati ya wazee wenye moyo mnyofu, na sisi atupe kupiga magoti mbele yake yeye peke yake.